Kioo cha Geji ya Katikati

Chupa ya plastiki iliyofungwa, maji yakiwa yamebaki kidogo tu, iliyokuwa miguuni pa Bisibisi ilijikunja yenyewe, kwa! kana kwamba imebanwa na mkono usioonekana.

Aliikodolea macho. Hakuna aliyeigusa. Nje hapakuwa na mbingu wala msitu, ni wingu la kijivu tu lililong'ang'ania vioo, na mvua ikiichapa ndege kama kokoto. Masikio yake yakaziba.

"Baba, tunashuka."

"Hatushuki." Baba yake hakugeuka. Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. "Soma geji ya kimo. Si wewe uliyeipaka rangi?"

Kweli, ni yeye. Msimu mzima baba na binti walikuwa bandani wakiifumua dashibodi ya ndege hii kuukuu. Bisibisi, aliyepewa jina hilo kwa kutoachana na bisibisi yake, aling'oa nyaya zilizooza, akabadilisha mirija ya mpira iliyopasuka, akazichora upya namba zilizofifia kwa brashi nyembamba kama unywele. Baba alikubali kila kitu kiguswe isipokuwa kioo kimoja: cha geji ya katikati, ile ya kupanda na kushuka.

"Hicho kiache," alisema. "Kimeniona nikiwa na nywele."

Na asubuhi hii, ndege ilipokuwa tayari kwa safari yake ya kwanza tangu itengenezwe, Baba aliamka mapema akaipaka nta yote, mkia hadi pua. Ndani kumependeza, alisema, mbona nje tutie aibu?

Sasa mshale wa kimo ulikuwa umesimama tuli. Wa kupanda na kushuka ulikuwa kwenye sifuri. Ni wa kasi tu uliokuwa ukipanda.

"Tunakwenda mbio mno," Baba alisema, akapunguza moto wa injini.

Ndege ikalegea. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, kisha kengele ya hatari, ile ya mwendo uliopungua mno, ikaanza kulia.

"Inalia nini, na kasi yote hii?"

"Shusha pua, Baba! Ongeza moto! Geji zinatudanganya!"

Walianguka. Kisha mabawa yakaushika upepo tena. Mahali fulani mbele yao, ndani ya kijivu kile, kulikuwa na vilima. Walikuwa wameviona kabla wingu halijawameza.

Bisibisi hakuwa msemaji. Hata darasani, jibu akilijua, alisubiri mwingine alitoe. Lakini geji tatu zilikuwa zimeugua kwa pamoja, na zote tatu zilitumia mrija mmoja, unaoleta hewa ya nje kupitia kitundu kidogo kama cha sindano ubavuni mwa ndege. Mrija huo aliulaza mwenyewe, chali, vumbi likimwingia machoni.

"Kitundu kimeziba," alisema. "Geji zinavuta hewa ya zamani, ya kule juu tulikotoka. Nikivunja kioo kimoja, zitapata hewa ya humu ndani."

"Kioo kipi?"

Aliitazama geji ya katikati. Baba yake akayafuata macho yake.

"Hicho hapana! Vunja kingine."

"Zile mbili tunazihitaji, Baba. Hii tunaweza kuishi bila yake."

Ndege ilitikisika. Chupa ikajikunja tena.

Baba akarudisha macho mbele. "Fundi ni wewe. Vunja."

Aligonga kwa mpini wa bisibisi yake. Ukateleza. Akagonga tena, kioo kikapata ufa. Mara ya tatu kikamwagika mapajani mwake, kidole kikachanika. Mshale wa kimo ukagutuka, ukaanza kushuka, ukashuka, ukashuka.

"Simama," Bisibisi alinong'ona. "Simama basi."

Ukasimama. Baba akauona, akaguta.

"Tuko chini ya vilele!"

"Geuka, Baba! Tulikotoka kuna mto."

Injini ikanguruma. Walipinda huku wakipanda, na wingu lilipochanika kidogo, mteremko wenye miti iliyolowa ukapita chini ya bawa, karibu kiasi kwamba Bisibisi aliona matone kwenye majani. Kisha mteremko ukabaki nyuma. Mbele, chini ya anga jeupe, mto wa rangi ya matope ulikuwa unawangoja.

"Umeumia?"

"Kidole tu."

"Maji yapo?"

"Mafunda mawili."

"Kunywa wewe."

Waliufuata mto hadi kiwanja cha nyasi walikoanzia. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakatulia. Injini ilipozimwa, ukimya uliwajaa masikioni.

Bisibisi alishuka, akaenda ubavuni mwa ndege. Akapitisha ukucha kwenye kile kitundu. Ukatoka na kidonge cheupe cha nta, na nyuma yake tone la maji ya mvua lililomalizia kukiziba.

Baba akakichukua kile kidonge, akakinusa.

"Nta yangu."

"Nta yako, Baba."

Alianza kucheka polepole, kisha kicheko kikamshinda, akajishika kwenye bawa. "Mama yako asisikie."

"Atasikia kabla sijavua viatu."

Machozi yakamtoka Baba, na hayakuwa ya kicheko tu. Akatoa leso, akakifunga kidole cha binti yake kwa uangalifu, kisha akajilaza chali kwenye nyasi mbichi, mikono wazi, kifua kikipanda na kushuka.

"Baba! Unafanya nini?"

"Navuta hewa," alisema. "Ya hapa hapa chini."

Bisibisi akalala kando yake.