Alto wa Kwaya ya Pili

Paskazia alikutana na Nkwabi asubuhi moja kwenye steshenari ya jirani na stendi ya Nyegezi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitali, gauni la unesi limejikunja, macho mazito. Mashine ya kopi ilikuwa imekwama na karatasi za Nkwabi, na watu kwenye foleni walishaanza kununa. Paskazia akaokota moja iliyodondoka. Ilijaa nota za sauti nane, na chini yake maneno ya Kilatini.

"Hii inaimbwa na watu wangapi?"

"Kwaya mbili," Nkwabi alisema. "Moja inaomba, nyingine inaitikia. Iliandikwa Italia, yapata miaka mia nne iliyopita. Wewe unaimba?"

"Nikipata usingizi."

Nkwabi akacheka. Alikuwa mwembamba, shati la kitenge limepigwa pasi vizuri, na alifundisha kwaya parokiani Butimba. Jumamosi Paskazia akaenda. Kwaya moja ilisimama kulia mwa altare, nyingine kushoto, zikipokezana neno moja la kuomba huruma. Mara nota mbili zinagongana, zinauma, kisha zinatulia. Paskazia, ambaye wiki ile alikuwa amefumba macho ya wagonjwa waliofariki, alilia bila kujificha.

Akajiunga, akapangwa soprano, sauti ya juu ya wanawake. Wakapendana. Kila mchana Nkwabi alimpigia simu.

"Umeamka, soprano wangu?"

"Bado. Unaongea na mzimu."

Ijumaa Kuu ilipokaribia, Paskazia alifika mazoezini akamkuta Dorcas, mwanakwaya mwenzake, amesimama mahali pake. Yeye amehamishiwa alto, sauti ya chini ya wanawake, kwaya ya pili, bila kuambiwa. Dorcas akamweleza kwamba mwalimu alisema sauti yake imechoka. Paskazia akaweka nota zake kwenye benchi, akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu.

Nkwabi alimsubiri asubuhi nje ya geti la hospitali. Wakaenda kukaa kwenye mwamba unaotazama ziwa.

"Ulisema nimechoka?"

"Nilisema. Nilikuona umeshika benchi usianguke, zile nota za juu zilipofika. Nikaona nikupunguzie."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utakataa."

"Kazini wananihamisha wodi kama kitanda, Nkwabi. Hakuna anayeniuliza. Nilidhani kwako ni tofauti."

Nkwabi aliinamisha kichwa, akamwomba msamaha. Hakujitetea tena, na hilo ndilo lililomlainisha Paskazia. Akakiri kwamba nyumbani alikuwa akijifunza ile alto peke yake, akiikumbuka kutoka mazoezini, kwa hasira, mpaka akaipenda.

"Basi leo nakuuliza," Nkwabi alisema. "Utakubali nikuoe?"

Paskazia alimtazama. Jua lilishakuwa kali na kope zake zilikuwa zikifumba zenyewe.

"Nikijibu sasa, utakuwa umejibiwa na usingizi. Ngoja nilale kidogo."

Akaegemea bega lake na kulala palepale. Alipozinduka, mkono wa Nkwabi ulikuwa umekufa ganzi, jasho linamtiririka shingoni, na hakuwa amesogea.

"Niulize tena," Paskazia alisema.

Akamuuliza, naye akakubali.