Miwani Iliyotundikwa Msumarini

Kila alipotoka shule, Kidole alipitia karakana ya baba yake kumpelekea chai. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kuandika haraka kwenye simu. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Siku moja alimkuta ameketi juu ya ndoo, jicho la kushoto jekundu kama pilipili.

"Vumbi tu," Baba alisema kabla hajaulizwa. "Hebu muulize yule rafiki yako wa kwenye simu."

Rafiki huyo alikuwa programu ya akili mnemba, inayojibu maswali kama mtu. Kidole akaandika kwamba baba yake ameingiwa na vumbi jichoni. Jibu likaja chapuchapu: aoshe jicho kwa maji safi, asilisugue, na maumivu yasipopungua aende hospitali.

"Umesikia? Maji tu!" Baba akacheka huku machozi yakimtiririka. "Daktari asiye na foleni huyo!"

Lakini Kidole alikuwa ameona unga mpya wa chuma mezani, chini ya mashine ya kusagia. Miwani ya kazi ilining'inia msumarini, imeshikwa na utando wa buibui.

"Baba, ulikuwa unasaga chuma bila miwani?"

"Inaingia ukungu ile. Mafundi wote tunaitundika. Wewe andika vumbi, usiniaibishe mbele ya hiyo mashine ya simu."

Kidole akasita. Kumkaidi baba yake halikuwa jambo dogo. Lakini jicho lile ndilo lililopima kila geti na kulisha nyumba nzima! Akaandika upya, safari hii ukweli mtupu.

Jibu likabadilika kabisa. Huenda chembe ya chuma imezama jichoni. Asilisugue, asilibonyeze, asijaribu kuitoa. Aende hospitali sasa hivi.

Akamsomea kwa sauti.

"Na geti la mteja?" Baba akanung'unika.

"Geti litasubiri, Baba. Jicho halina spea."

Baba akamkodolea jicho moja, kisha akainuka.

Hospitalini, daktari wa macho aliichomoa chembe ndogo kuliko punje ya mchanga. "Ungechelewa siku mbili, fundi, tungekuwa na maneno mengine. Jicho litapona."

"Mashine ya kwenye simu ndiyo iliyotuleta," Baba akasema, akiwa amejaa haya, akamsimulia yote.

"Mashine haikuliona jicho lako. Ilijua kile tu ilichoambiwa. Ulipoificha ukweli, ilikupa dawa ya vumbi. Mwanao alipoieleza yote, ikawaleta kwangu. Iulizeni, lakini msiidanganye, wala msiikalishe kwenye kiti changu." Akamshika Kidole begani. "Jicho hili umeliokoa wewe, mwanangu, kwa kusema kweli."

Wiki mbili baadaye cheche ziliruka tena karakanani. Baba alikuwa kazini, miwani usoni, akiimba kwa sauti mbovu kuliko zote mtaani. Na pale msumarini, Kidole akatundika mkoba wake wa shule.