Kichujio Kilirudi Cheupe

Mvua ilikuwa inanyesha sokoni Tukuyu Ambwene alipompita Esnath akiwa na betri kuukuu ya gari begani. Maji yake makali yakamrukia dada wa watu, yakatoboa kitenge chake kipya cha njano.

"We kaka! Umeniunguza!"

"Samahani dada. Nitakulipa kitenge."

"Kitenge utalipa. Na mapafu yako je?"

Esnath alikuwa mpimaji wa hewa viwandani. Kesho yake akaingia karakana ya Jairo, wanakoyeyusha betri kutoa madini ya risasi, akamkuta Ambwene yuleyule. Akamfunga pampu kiunoni, mpira wake ukapanda hadi kwenye kola, na kichujio karibu na pua.

"Inavuta hewa unayovuta wewe. Usiivue mpaka jioni."

"Unanifunga mbele za watu? Kwetu Masoko mwanamke akikufunga hivi, hapo umeshaoa."

"Tulia, bwana betri!"

Wiki nzima simu kati yao hazikukoma, mpaka wakaitana wapenzi. Kisha kichujio kimoja cha Ambwene kikarudi cheupe kama unga, wakati moshi wa tanuru huviacha vyeusi. Esnath akapiga simu.

"Ambwene, pampu uliitundika wapi?"

"Nje. Kwenye mgomba."

"Jairo kakuhonga?"

"Tuyaache hayo, Esnath."

"Kesho nakupima mara ya mwisho. Usinipigie tena."

Asichokijua Esnath ni kwamba Jairo alikuwa amemvunja vidole Prosper, mwenzake Ambwene, kwa sababu aligoma kuvua pampu yake.

Kesho yake Esnath alimfunga pampu bila salamu, akaenda kupima karakana ya jirani. Jairo akaja na nondo.

"Vua hicho kidude!"

"Leo sivui, bosi."

Nondo ikatua begani, mfupa ukalia. Ya pili ikampiga mdomoni, meno mawili yakaangukia kwenye majivu. Ambwene akalala kifudifudi, akakifunika kichujio kwa kiganja. Jairo akainua nondo mara ya tatu, ikagonga chungu cha tanuru, na risasi iliyoyeyuka ikammwagikia yeye mwenyewe miguuni. Mayowe yake yalifika barabarani. Mimi sisemi Mungu alimlipiza. Nasema nondo ilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Esnath alikuja hospitali amevaa kitenge kile kile chenye tundu. Kichujio kilikuwa cheusi, tanuru limefungwa, na Jairo yuko wodi nyingine chini ya ulinzi wa polisi. Prosper alikuwa amemweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi?"

"Ungekuja kumkabili. Angekuvunja wewe."

Esnath akainama kitandani, akalia. "Nisamehe. Nilikuona mwongo."

Ambwene akapitisha kidole kwenye tundu la kitenge. "Bado nadaiwa hiki."

"Kimoja hakitoshi. Kwetu Suma mama anataka chake, bibi chake, na mashangazi wapo wanne."

"Unaniambia nilete posa?"

"Damu yako ipimwe risasi kwanza. Halafu ulete."

Ambwene akacheka. Damu ikamtoka mdomoni, Esnath akamfuta kwa pindo la kitenge, naye hakuacha kucheka.