Patipati Juu ya Mgunga

Asubuhi hiyo Wavinya alikamua mbuzi, akachemsha chai. Mumewe Musau hakuja kunywa. Alikuwa nje, anapaka nyumba chokaa. Hakupaka ukuta mzima. Alipaka kutoka chini hadi usawa wa kifua, akaacha.

Wavinya alijua sababu. Mwaka wa mvua ya El Niño, maji ya bwawa lililo mbele ya nyumba yaliingia mpaka sebuleni. Yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani. Miaka mitatu, na mstari haujafutika.

Walitaka kuuza nyumba wahamie Katangi. Mama yake Wavinya aliishi huko peke yake, na macho yake yalikuwa yanazimika. Mwezi uliopita alishika sufuria ya moto akidhani ni kata ya maji. Wavinya hakuusahau mkono ule uliofungwa kitambaa. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja, wakatazama, wakaaga. Wa tatu angefika leo.

Jirani yao Kavutha alipita na jembe begani. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi na maafisa wa kuhifadhi udongo.

"Ai, Musau! Nyumba umeivalisha sketi?"

"Shika njia yako," Musau akasema. "Nyumba iko kando ya maji, upepo safi. Kizuri chajiuza."

"Basi mbona unakitembeza na chokaa?"

Wavinya alicheka, kisha akajuta kucheka.

Saa nne mnunuzi huyo wa tatu, Diriye, alifika. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe pale mjini Machakos, naye alitafuta nyumba ya kupumzika uzeeni. Alikunywa chai, akashukuru, akateremka hadi kwenye mgunga ulio karibu na maji. Akainua macho. Kwenye panda ya mti, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, patipati ya buluu ilikuwa imekwama.

"Mzee, hii patipati ilipanda mti yenyewe?"

Musau akakohoa. "Watoto hao."

Diriye akarudi, akaweka kiganja ukutani. Kikatoka cheupe.

"Na shamba linaishia wapi?"

"Kwa maji. Si unaona ua wangu wa makonge?"

"Kumbe maji yakipungua, shamba lako linakua?" Diriye akapangusa mkono. "Mimi nanunua ng'ombe, mzee. Mtu akimsugua ng'ombe mguu mmoja sana, huo ndio mguu naangalia. Kwaheri, mama. Chai yako ilikuwa tamu."

Wavinya alikimbia kwa Kavutha. "Mama yangu ataungua tena kabla hatujauza!"

Kavutha alikuja, akamketisha Musau.

"Mnunuzi wa nyumba kama hii hanunui ukuta na mabati tu. Anauliza maji hufika wapi wakati wa mafuriko, na hubaki wapi wakati wa ukame. Anauliza mpaka, barabara, choo. Ukimficha moja, atashuku yote."

"Nimwambie nyumba yangu huogelea?"

"Mwambie. Halafu mwambie umefanya nini. Maji yaliingia kwa nini?"

"Mvua ilikuwa nyingi."

"Ndiyo. Lakini mfereji wa kutolea maji ya bwawa uliziba matope. Matope yametoka wapi? Kwa mashamba yetu ya juu, hayana matuta. Bwawa likijaa udongo, mvua ikija linafurika, jua likiwaka linakauka. Nani atanunua nyumba kando ya tope?"

Kavutha akanyosha kidole kwenye ua wa makonge.

"Na huo ukanda wa kando ya maji si wako. Soma hati yako. Rudisha ua kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka ya mpima ardhi."

Musau alisugua chokaa mpaka mstari ukaonekana tena. Aling'oa makonge, akayapanda kwenye bikoni. Choo cha karibu na maji alikifukia, akachimba kingine upande wa juu. Kavutha aliita mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu. Walizibua mfereji, wakachimba matuta kwenye mashamba ya juu kwa wiki tatu.

"Leo sketi imevuliwa!" akina mama walimtania Musau. Alicheka nao, jasho likimtoka.

Novemba mvua ikaja. Kila asubuhi Wavinya alichomeka kijiti mahali maji yalipoishia. Kila asubuhi kijiti cha jana kilikuwa kimemezwa. Siku ya tisa maji yalikaribia bikoni. Musau akapandisha godoro juu ya meza. Wavinya alisimama mvuani.

Ndipo aliposikia mngurumo upande wa pili. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mfereji! Akakitazama kijiti chake mpaka jioni. Hakikumezwa.

Kesho yake Musau alimfuata Diriye mjini. "Njoo sasa, mvua ikinyesha. Uone kwa macho yako."

Diriye alikuja na mkewe Hoodo, wamevaa gambuti. Musau akawaonyesha ukuta. "Mwaka ule maji yalifika hapa, na ndiyo yaliyoipandisha ile patipati. Mwaka huu yameishia pale." Hoodo akauliza choo, akaonyeshwa. Diriye aliichukua namba ya hati, akaenda kuithibitisha katika ofisi ya ardhi kwanza. Bei waliyokubaliana haikuwa ile aliyoiota Musau, lakini ilitosha kununua shamba kando ya mama mkwe.

Siku ya kuhama, Musau alianza kuupanda mgunga ili aitoe ile patipati.

"Wacha, mzee!" Diriye akapaza sauti. "Hiyo ni yangu. Nimeinunua na nyumba."

Jioni ile, huko Katangi, ni Wavinya aliyeepua sufuria ya moto, si mama yake.