Mkeka wa Fundi Barnaba

Soko la Masasi lilichafuka kwa ngumi Jumamosi hiyo. Vibarua waliofukuzwa kwenye kambi ya kampuni ya kufyeka mapori walimrukia mnyapara wao palepale penye mihogo, wakamvunja pua, damu ikamwagikia ungo wa Isabela. Naye alikuwa amevaa gauni lake la njano, la kanisani! Kabla hajajua akimbilie wapi, mkono ulimzunguka kiunoni, ukamtoa katikati ya marungu na kumbwaga nyuma ya lori.

"Niache! Nani kakuruhusu kunishika?"

"Basi rudi ukapigwe," alicheka kijana mmoja mwenye kaptula ya kaki iliyolowa oili. Jicho lake lilikuwa linavimba kwa ngumi aliyoila kwa ajili yake. "Ila gauni liache hapa, halina kosa."

"Mshenzi wewe!"

"Naitwa Barnaba. Fundi wa mitambo. Kwetu Makote, Newala."

Isabela akajikuta anacheka. Mwanamke akifika hapo, jamani, ameshakwisha.

Kanisa likawafungisha ndoa, lakini makazi yalifuata mila: mume ndiye ahamiaye kwa mke. Barnaba alikuja na mkeka, shoka na sanduku la bati, akajenga uani kwa mama mkwe. Mjomba Bartholomayo, mkali kama pilipili, alimwonya mbele ya ukoo mzima.

"Mkwe, siku mkeka wako ukitoka humu, umemwacha binti yetu. Sisi hatungoji maneno."

"Nimesikia, mjomba."

Kambini mambo yalikuwa mengine. Vibarua walihama kila kukicha, leo Nanganga, kesho Chiwata, mzigo kichwani, na hakuna aliyeuliza wamelala wapi. Fundi alihamishwa na kampuni yenyewe, yeye na vyombo vyake, hadi kwenye nyumba ya mabati. Barnaba alijivunia hilo mno.

"Mimi si kibarua, Bela wangu. Mimi nabebwa."

"Ubebwe na nani, mzito kama gunia la korosho?"

"Na wewe."

"Thubutu! Utaburuzwa."

Asubuhi moja ya kiangazi Isabela alikuwa kwenye kinu, anatwanga, lori la kampuni likasimama uani. Dereva Muharami akashuka.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kuchukua vyombo vya fundi. Amehamishiwa Mtwara, bandarini."

Barnaba mwenyewe hakuwepo. Shoka likapanda lori, sanduku likapanda, mkeka nao ukapanda. Wanawake wa jirani wakashika tama kama wako msibani. Isabela alisimama na mchi mkononi, uso unamwaka kwa aibu. Ameachwa, tena mbele ya majirani, na mwanamume hata hakuja kumtazama machoni!

Wapwa wa mjomba hawakuuliza. Walimvuta Muharami chini, wakampiga mateke mpaka akatapika damu, wakavunja vioo vya lori kwa mawe. Vumbi lilikuwa halijatulia Barnaba alipoingia anakimbia, anahema.

"Bela! Kuna nini hapa?"

Rungu lilimpata begani, akapepesuka.

"Umemtuma dereva aniache?" Isabela alipiga kelele. "Ulimi wako umekatika?"

"Nani kakuacha? Mke wangu, nisikilize..."

Alijitupa kwenye lori, akaukamata mkeka. Isabela aliona anaukaza usidondoke njiani. Hasira ikampofusha, akauinua mchi kwa mikono miwili, akaushusha kwa nguvu zake zote juu ya mkono wake wa kulia, ulioshika ubavu wa chuma wa lori. Vidole vikapondeka. Barnaba alinguruma, akaanguka, na mkeka ukaanguka naye, ukafunguka miguuni pa mkewe.

"Nilikuwa naushusha," alisema, ameyakaza meno. "Nilikuwa naushusha, Bela! Nimemwambia bwana mkubwa leo hii, siendi popote mpaka nizungumze na wenye mke. Kumbe lori limeshatangulia."

Mchi ukamtoka Isabela mikononi.

Daktari alikata vidole vitatu. Kampuni ikampa fundi mwingine nyumba ya Mtwara, na Barnaba akaambiwa akipona anaweza kufyeka pori pamoja na vibarua, mradi aende kwa miguu yake. Mjomba Bartholomayo alileta jogoo, akaomba radhi, akaondoka bila kuketi.

Isabela alimnywesha uji kwa kijiko. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Mume wangu, nimekukata riziki. Niliomba Mungu usihamishwe, lakini si hivi. Si hivi!"

"Spana sishiki tena," alisema Barnaba. "Umenifanya kibarua."

"Unanichukia?"

Alimtazama machoni.

"Leo, ndiyo."

"Na kesho?"

"Kesho niulize tena. Nipo. Niende wapi?"

Isabela akaangusha kichwa kifuani pa mumewe na kulia upya. Barnaba hakumbembeleza, wala hakumsukuma.