Mikono ya Chiriku

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Chiriku na mama yake walifungua kibanda chao cha nyuzi, vifungo na zipu. Mama alipanga nyuzi kwa rangi. Chiriku alifagia mbele ya kibanda chao, kisha akafagia na kwa jirani yao fundi viatu, maana vumbi la fundi halikujua mipaka. Jina la Chiriku alipewa na wachuuzi wa pale sokoni kwa sababu ya mdomo wake. Aliweza kumsemesha mteja aliyekuja amenuna, na mteja huyo akaondoka na vifungo ambavyo hakuvijia.

Kwa fundi, hata hivyo, mdomo haukumsaidia kitu. Fundi alikuwa kiziwi tangu utotoni na hakuwahi kupelekwa shule. Yeye na Chiriku walizungumza kwa mikono, kwa lugha waliyoitunga wenyewe pale kibandani, ishara moja leo, nyingine kesho, tangu Chiriku alipokuwa mtoto wa kuchezea vifungo. Chiriku mwenyewe aliitwa kwa vidole viwili vinavyofunguka na kufumba karibu na midomo, mfano wa ndege anayepiga kelele. Mzee wa kanisa aliyesimamia taratibu zote, ambaye watu walimwita Mzee Kanuni, ishara yake ilikuwa kidole kinachotikiswa hewani kwa hasira. Hiyo ilikuwa ishara ya kubaki kibandani, na wote wawili walilijua hilo.

Jumamosi hiyo mchungaji alifika akichechemea. Alihudumia makanisa mengi, na kwao alikuja mara chache kwa mwaka. Soli ya kiatu chake ilikuwa imeachama. Fundi akakipokea, akaanza kuibandua soli kwa koleo, na mchungaji akabaki amesimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja ameushikilia mlango. Fundi akamtazama Chiriku, akasimamisha kidole kimoja na kukunja cha pili. Mchungaji alikuwa amepata jina lake. Chiriku alicheka hadi akageukia ukutani.

Kisha fundi akaweka koleo chini. Akajifanya anajimiminia maji kichwani, akaonyesha upande ambao jua la kesho lingechomoza, akainua nyusi.

"Anasemaje?" mchungaji akauliza.

"Anauliza kama kesho atabatizwa."

Tabasamu la mchungaji likafifia. "Mwanangu, mara iliyopita nilimsimamisha mbele. Mzee Kanuni akamwuliza kama yeye ni malaika, akaitikia kwa kichwa. Akamwuliza kama yeye ni mwanamke, akaitikia pia. Watu walicheka mpaka machozi. Wazee wakaniambia kwamba mtu asiyejua anachoulizwa habatizwi, na sikuwa na la kuwajibu."

Chiriku alikijua kichwa hicho cha kuitikia. Wateja wengi walimkasirikia fundi alipokosa kuwaelewa, kwa hiyo alijifunza kuwaitikia tu, wapoe, waende zao. Pia alijua jinsi fundi alivyokaa benchi la nyuma kila Jumapili, shati limepigwa pasi, akitazama midomo ya watu ikiimba.

Mchungaji alikuwa amemkazia macho. "Lakini wewe unazungumza naye. Kesho simama umtafsirie. Ukiweza, nambatiza. Asipokuwepo mtu wa kumtafsiria, itabidi angoje tena, na sijui nitarudi lini."

"Mimi?" Chiriku akarudi nyuma hatua. "Mimi bado mdogo, Mchungaji."

"Sikukuuliza umri."

"Ishara zetu si za shule. Ni za hapa hapa tu. Na nyingine ni za utani."

"Za shule hata yeye hazijui."

"Mbele za watu sauti hukwama."

"Ndiyo maana Mungu amekupa na mikono."

Chiriku akatafuta sababu nyingine, akaikosa, akaiunda. "Halafu kesho nitakuwa naumwa."

Mama yake alikohoa huko kwenye zipu. "Haya, mtabiri. Na utaumwa wapi?"

Mchungaji hakucheka. Chiriku akatikisa kichwa, mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. Fundi hakuwa amesikia hata neno moja, lakini kichwa kinachotikiswa hakihitaji mkalimani. Aliinama, akapaka gundi kwenye soli, na hakumtazama tena Chiriku mpaka kiatu kikaisha.

Jioni, walipokuwa wakifunga kibanda, Chiriku alisema bila kuulizwa, "Mama, unakumbuka siku ile ya shairi?"

Mama alikumbuka. Nani angesahau? Chiriku alisimama mbele ya kanisa zima, maneno yakapotea yote, akabaki ameachama. Binamu yake, mwimbaji wa kwaya ya watoto, alimwigiza kwa wiki nzima.

"Kwa nini Mungu asimtafute mtu anayejua?" Chiriku akaendelea. "Mtu mzima. Mtu aliyesomea."

"Mtaje."

Chiriku akainua kidole aanze kuhesabu, kisha akakikunja.

"Basi mpaka huyo mtu azaliwe, akue, akasome, fundi aendelee kukaa benchi la nyuma?" Mama akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha. "Sikulazimishi. Ila usiseme huwezi. Sema unaogopa. Hayo ni maneno mawili tofauti."

Chiriku alikubali, lakini shingo upande. Moyoni aliomba inyeshe mvua kubwa, ibada iahirishwe.

Mvua haikunyesha. Asubuhi anga lilikuwa jeupe pe, na kanisa likajaa hadi watu wakasimama madirishani. Binamu yake alimpitia karibu akiwa na joho la kwaya. "Nasikia leo utafukuza nzi mbele za watu," akamnong'oneza.

Chiriku akampisha. Mikono yake ilikuwa imelowa jasho, akaifuta kwenye gauni.

Waliobatizwa kwanza walikuwa wale waliosikia. Kila mmoja aliulizwa, akajibu, akainamishiwa maji. Kisha mchungaji akamwashiria fundi aje mbele. Fundi alitembea taratibu, akiwa amefunga kila kifungo cha shati, hata kile cha shingoni. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa amezisugua mpaka weusi wa rangi ya viatu umetoka.

Chiriku akasimama kando yake, akilipa kusanyiko lile mgongo. Aliyahisi macho ya watu hadi kisogoni. Mchungaji akauliza kama fundi anamwamini Mungu. Chiriku akaitafsiri haraka, viwiko vimebana mbavuni, mikono karibu na tumbo, ishara ndogo ndogo ili watu wa nyuma wasione cha kucheka. Fundi akaitikia kwa kichwa. Swali la pili, akaitikia tena. Chiriku akavuta pumzi. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Ndipo Mzee Kanuni aliposimama.

"Mchungaji, kuitikia hata mara ile aliitikia. Naomba nimwulize la kwangu." Akamgeukia Chiriku. "Mwulize: mtu akishabatizwa, anaweza kuendelea kuiba?"

Chiriku akaitengeneza ishara ya kuiba pale pale tumboni, vidole tu vikicheza. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Kanisa lililipuka. Wengine walicheka, wengine waliguna kwa mshtuko. Mwanakwaya mmoja alijifunika uso kwa kitabu. Fundi aliwageukia watu, akaona vicheko, akaelewa kwamba amekosea tena mahali fulani. Shingo yake ikalegea ndani ya ile kola iliyofungwa vizuri.

"Nilisema mimi," Mzee Kanuni akasema, wala si kwa furaha. "Hili ni jambo la Mungu. Hatuwezi kumbatiza mtu kwa kubahatisha."

Mchungaji akakiangalia kitabu chake kwa muda, kisha akaanza kukifunga. "Labda tungoje safari nyingine."

Chiriku aliona aibu, lakini aibu hii haikuwa ile ya siku ya shairi. Ile ilikuwa ya kuchekwa yeye. Sasa alikuwa anachekwa mtu mwingine kwa sababu yake. Fundi hakuwa ameliona swali hata moja. Angeonaje, mikono ya mkalimani ikiwa imefichwa kama ya mwizi? Aliitikia kama alivyowaitikia wateja wenye hasira, ili watu wapoe.

"Mchungaji, ngoja!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Yeye hana kosa. Mimi ndiye niliyeficha mikono. Niliogopa kuchekwa. Hakuona nilichomwuliza."

Bila kungoja ruhusa, Chiriku akavua viatu, akapanda juu ya benchi la mbele, akageuka ubavu ili fundi na watu wote wamwone. Akanyoosha mikono juu, akaipunga mpaka fundi akainua macho.

Akaanza upya. Ili kusema nani anauliza, ilimbidi atikise kidole hewani kwa hasira, ile ile ishara ya kibandani. Kicheko kikapita kanisani, maana kila mtu alimtambua Mzee Kanuni papo hapo, na Mzee Kanuni mwenyewe akakitazama kidole chake. Chiriku alikisikia kicheko. Masikio yalimwaka moto, lakini mikono haikushuka. Akaonyesha maji kichwani, akaonyesha mkono unaonyakua kitu na kukisokomeza mfukoni, akainua nyusi.

Fundi akashtuka. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akajibu kwa mikono miwili, haraka, mpaka Chiriku ikambidi amwombe apunguze mwendo.

"Anasema hapana," Chiriku akatafsiri kwa sauti, ikikwama na kuendelea. "Anasema hata sasa haibi. Anasema... mteja akimletea kiatu ambacho soli yake bado nzima, hamwambii imechakaa. Anamrudishia aende akakivae."

"Kweli kabisa!" mwanamke mmoja akasema kutoka katikati. "Changu alinirudishia!"

Mzee Kanuni akakaa. Mchungaji akakifungua tena kitabu. "Swali la mwisho, mwanangu. Mwulize kama ametubu dhambi zake."

Mikono ya Chiriku ikasimama hewani. Kutubu hakukuwa na ishara. Katika miaka yote ya kuzungumza mvua, njaa na wateja wasumbufu, hawakuwahi kulihitaji neno hilo. Watu wakangoja. Mtoto akalia nyuma, akanyamazishwa. Chiriku aliona ukungu ule wa siku ya shairi unakuja, na binamu yake alikuwa pale pale kwenye kwaya, anamtazama.

Akamtazama fundi. Fundi alikuwa ametulia, macho yote kwake, ameiacha mikono yake yenye kucha nyeupe ikining'inia. Chiriku akakumbuka jana, kile kiatu kilichoachama.

Akaonyesha kiatu mkononi. Akaonyesha koleo. Akaing'ang'ania soli mbovu, akaivuta kwa nguvu, akaibandua, akaitupa mbali. Akachukua mpya, akaipaka gundi, akaibandika. Kisha akagusa kifua penye moyo wake, akamwelekezea fundi kidole, akainua nyusi: wewe je?

Macho ya fundi yakajaa maji. Kisha akajibu polepole, ishara moja baada ya nyingine.

"Anasemaje?" mchungaji akauliza kwa upole.

"Anasema, ya zamani alishaibandua siku nyingi." Chiriku akawageukia watu. "Anasema tangu hapo anatembea peku, anawangoja ninyi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kanuni alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mchungaji akachota maji.

Baada ya ibada watu walisimama uani, na fundi alikuwa katikati yao, nywele zimelowa, akishikwa mkono na watu waliokuwa wakimpita kila Jumapili. Mzee Kanuni alimjia Chiriku. Akatikisa kidole hewani. "Kwa hiyo huyu ndiye mimi?"

Chiriku akatamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, Mzee."

"Haya, tutalizungumza siku nyingine." Akashusha sauti. "Nifundishe ishara ya kumkaribisha mtu. Huwa nasimama mlangoni, nawakaribisha wote, yeye peke yake sijawahi."

Chiriku akamfundisha. Mzee aliikosea mara ya kwanza, akairudia, kisha akaenda moja kwa moja kwa fundi akiwa ameitanguliza mikono yake isije ikasahau.

Mama akamwekea Chiriku mkono begani. "Umeona? Jana ulidhani umepungukiwa ujuzi. Ujuzi ulikuwa nao siku zote. Kilichotaka kumnyima fundi maji yale ni hofu yako wewe ya kuchekwa. Mungu akikuita, mwanangu, usianze kumhesabia usivyo navyo, anavijua. Mpe ulicho nacho, hata kama ni cha kibandani. Ila usimpe kwa kuficha tumboni. Kiinue mahali watu watakapokiona."

"Nimekuelewa, Mama."

Mchungaji naye akafika, soli yake imekaa imara. "Jumapili ijayo, nitakapokuwa nimeshaondoka, wazee watahubiri," akasema. "Fundi amekaa miaka yote bila kusikia hata moja. Utasimama umtafsirie?"

Mahubiri mazima! Chiriku akafungua mdomo. "Lakini Mchungaji, mimi..."

Fundi alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili wa ua, juu ya vichwa vya watu. Chiriku akafunga mdomo. Akainua mikono yote miwili, juu kabisa, akamwambia fundi kwamba wiki ijayo asikae nyuma.