Wifi Yenye Jina la Abigaël

— Usiguse kitu, Joëlle. Acha itafute yenyewe.

Farida alikuwa anachungulia simu ya rafiki yake, pembeni ya hoteli moja ya kando ya ziwa, hapa Kalemie. Ametoka kumutilia aplikasyo ya kutafuta wifi za karibu, zile za bure. Joëlle ni mushonaji, alitaka kuangalia modeli mupya za nguo, na mega zake za intaneti zilikuwa zimekwisha.

— Ya hoteli ina kufuli, Joëlle akasema. Ingine iko mbali. Na hii...

Akasogeza simu karibu na macho.

— Na hii nini? Soma basi!

— "Abigaël wa Ruphin."

Farida akacheka.

— Ruphin wako?

— Wangu iko Kabimba, alienda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha simenti. Jumapili anakuja na baba zake wadogo kujionesha kwa Papa yangu, aniombe uchumba. Wanaoitwa Ruphin ni wengi.

Lakini akagusa jina lile. Ruphin alikuwaga anamugawia mega kwa wifi ya simu yake, na wifi hiyo aliiita "Joëlle wa Ruphin". Modepase, neno la siri, alichagua mwenyewe: mukewangu. Joëlle akaiandika polepole.

Ikafunguka.

— Wallahi! Farida akashika mudomo. Alibadilisha jina, akaacha ufunguo uleule!

Joëlle akatuma ujumbe: "Chéri, uko wapi?"

Jibu likaingia palepale: "Kabimba, bébé. Rezo ya simu huku mubaya sana. Nakuwaza tu."

Ujumbe huo uliingia kwa mega za Ruphin mwenyewe, kwa wifi ileile ya hapa pembeni.

— Mupigie, umutukane!

— Apana. Tutembee kwanza, tuone wifi inatoka wapi.

Walipoelekea barabarani, alama za wifi zikapungua. Waliporudi upande wa vibanda vya nyasi vya hoteli, zikapanda. Mbele ya kibanda cha mwisho zikajaa zote.

Ruphin alikuwa amekaa hapo mbele ya samaki ya kuchoma, simu mezani. Binti mumoja alimuegemea bega, anaangalia video na kucheka.

— Kumbe Kabimba imehamia hapa, Joëlle akasema.

Ruphin akasimama mbio, kiti kikaanguka.

— Joëlle! Ngoja, nitakuelezea...

— Huyu ni nani? binti akauliza.

— Abigaël, ni... ni mushonaji wetu tu.

Farida akapiga makofi.

— Mushonaji! Tangu lini mushonaji anaitwa bébé?

Joëlle akaweka simu mbele ya Abigaël.

— Dada, soma. Ameandika sasa hivi, kwa hii wifi yenye jina lako.

Abigaël akasoma. Akamuangalia Ruphin, macho yakamujaa maji, lakini sauti yake ikatoka kavu.

— Papa yangu alishapokea dot, mahari yake. Watu wote wanajua. Unataka nifanye nini, dada? Nimurudishe kwako?

Joëlle akamugeukia Ruphin.

— Na Jumapili? Baba zako wadogo?

Ruphin akaangalia sahani.

— Sikuwaambia.

— Hata mumoja?

— Hata mumoja.

Joëlle akachukua simu yake, akatoka. Kwenye ukingo wa maji Farida akamupa simu yake yenye yunite za kupigia, naye akamupigia mama yake.

— Mama, waambie mashangazi wasikuje Jumapili.

— Ba-Ruphin na familia yake wamebadilisha siku?

— Apana, Mama. Hakuna muntu anakuja.

Sufuria zilikuwa zinagongana kule nyumbani. Zikanyamaza.

— Joëlle. Analala na mwingine?

— Anaoa mwingine, Mama.

— Papa utamwambia wewe, ao nimwambie mimi?

— Umwambie wewe. Mimi siwezi.

Mama akavuta pumzi.

— Na ile kitenge yangu ya kupokelea wageni Jumapili, ulishaikata?

— Nilishaikata.

— Basi maliza kuishona. Nitaivaa kanisani, wenye kucheka wacheke.